Kavugho Tulimzika

Paka alikuwa amelala juu ya gunia la maharagwe lililo chini ya dirisha, pale ambapo jua la saa tatu asubuhi huingia depo, na alipofumbua macho alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Ilikuwa wiki ya tatu tangu tumzike mke wangu. Siku zote za kilio sikuwa nimefungua mlango ule, na panya walikuwa wameigeuza depo kuwa mji wao. Magunia manne yalikuwa yametobolewa, na maharagwe yaliyotoka Musienene yalitapakaa sakafuni pamoja na mavi yao. Lakini asubuhi ile hapakusikika mtafuno wowote. Karibu na mlango niliona mkia wa panya, mkia peke yake, kama kamba ya kiatu iliyoangushwa.

Paka alikuwa jike, mweupe mwenye mabaka meusi, na baka moja lilifunika sikio lake la kushoto kama kofia iliyovaliwa vibaya. Sikuwahi kumwona mtaani.

Jirani yangu Katungu, anayeuza unga wa muhogo upande wa pili wa barabara, alikuja kumtazama mikono yake ikiwa bado myeupe hadi viwikoni. Alimzunguka paka mara moja, akatikisa kichwa.

"Papa Luc, huyu iko na mwenyewe," alisema. "Paka ya barabara haiangaliake mutu mu macho."

Kisha akanifundisha la kufanya, kama anayenifundisha katekisimu. Usimpe chakula siku ya kwanza, maana tumbo likiujua mlango miguu haiusahau. Uliza nyumba tatu za juu na nyumba tatu za chini. Mwenyewe asipopatikana, peleka tangazo shirikani, kwenye jumuiya ndogo ya sala ya mtaa, siku ya Jumatano. Katika shirika letu kila kilichookotwa hutangazwa baada ya sala ya mwisho: kitambulisho, ufunguo, mbuzi, hata kiatu kimoja cha mtoto. Zacharie, kiongozi wetu, huandika kwenye karatasi na kusoma kwa sauti ileile anayosomea Injili. Nilimwambia Katungu kwamba nimesikia, nitafanya hivyo.

Jioni ileile nilimpa paka vichwa vya dagaa.

Nyumba tatu za juu niliziuliza, kwa sababu nilijua hakuna hata moja inayofuga paka. Nyumba za chini sikuziuliza. Kule kulikuwa na watu waliokimbia mauaji upande wa Beni, na nyumba iliyopokea wakimbizi ina watu wengi wa kuulizwa, na mmoja wao angeweza kunijibu. Jumatano nilikwenda shirikani na mikono mitupu. Katungu alinikumbusha mara mbili, mara tatu, halafu akachoka. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya panya. Mtu akitaka kuiba bila kujiita mwizi, hutafuta kwanza sababu yenye faida.

Sababu nyingine ilikuwa kitandani. Usiku wa tatu au wa nne paka aliacha depo, akaingia chumbani, akajikunja juu ya kitenge ambacho mke wangu alikuwa amekikunja mwenyewe kabla hatujampeleka hospitali. Sikumfukuza. Asubuhi kitenge kilikuwa na joto.

*

Mama mmoja alikuja siku tisa baadaye, alasiri, kukiwa na manyunyu. Nilikuwa nimekaa barazani na ungo magotini, nikichagua maharagwe. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa akiita barabarani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuita sana: "Kavugho! Kavugho we!"

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa ameliita jina hilo nje ya lango langu.

Kwetu binti hupewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa, na kwa hiyo majina yetu ni machache na watu ni wengi. Ukisimama sokoni Butembo ukaita Kavugho, wanawake kumi watageuka, na kila mmoja atadhani anaitwa yeye. Mke wangu alikuwa Kavugho. Alizaliwa Kipese, na jamaa na marafiki zake wa huko hawakuwa wote wamepata habari. Mara mbili tayari mtu alikuwa ameshuka kutoka milimani na viazi ndani ya kikapu, akiuliza amekwenda wapi, na mara mbili nilikuwa nimelazimika kulitamka jambo lile kwa mtu aliyekuja akitabasamu. Nilikuwa nimechoka kulitamka.

Mama alisimama langoni. Alikuwa mzee, mwembamba, amejifunga kanga mabegani na maji yakimtiririka usoni.

"Kavugho iko humu?" aliuliza. "Batoto banasema balimuona akiingia kwenu."

Sikuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Kavugho tulimzika," nilisema.

Alishika nguzo ya lango. Aliuliza kama alikuwa mgonjwa, nikamjibu kwamba lilikuwa tumbo, halikuchukua siku nyingi. Halafu akauliza kitu ambacho mahali pengine mtu angekiona cha ajabu.

"Mulimuzika mu udongo? Hamukumutupa?"

Sikukiona cha ajabu; lafudhi yake ilikuwa ya upande wa Beni. Watu wa upande wa Beni wameacha wafu wao katika mashamba ya kakao bila kuwafukia, wakikimbia na walichokuwa wamevaa. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kuuliza kuhusu udongo. Nilimwambia kwamba tulimzika vizuri, ndani ya shuka safi.

Akaunganisha viganja vyake.

"Wasingya, tata," alinishukuru kwa Kinande. "Bengine bangemutupa tu. Miye nilimukomalisha ku mukono. Uko mutu muzuri."

Nilidhani ni shangazi fulani wa mbali wa mke wangu, mmoja wa wale wazee ambao kila mtoto wa ukoo amepita mgongoni mwao. Nilipaswa kuinuka. Mtu anayemlilia mkeo haachwi langoni kwenye mvua; hupewa kiti, hupewa maji ya moto, huulizwa jina. Mimi nilitaka aondoke ili nilie peke yangu, kana kwamba kilio ni chakula kisichotosha wawili. Nilitikisa kichwa tu kumwitikia. Aliteremka barabara polepole, akishika kuta za nyumba za watu, na wakati huo wote paka alikuwa chumbani, juu ya kitenge, amelala.

*

Jumatano ya tatu ya Kwaresima shirika lilikusanyika kwa Ézéchias, mwenye nyumba ya chini kabisa mtaani. Tulisali, tukasoma, tukajadili somo. Kisha Zacharie akakunjua karatasi ya matangazo. Nusu ya watu walikuwa wameshaanza kutafuta viatu vyao aliposoma kwamba Mama Vagheni, aliyekuwa mgeni wa nyumba hii kwa miezi mitano, amerudi Beni kwa mtoto wa dada yake. Anaaga shirika. Na anamshukuru baba mmoja wa barabara ya juu, ambaye hakumuuliza jina, kwa kumzikia paka wake, Kavugho.

Kicheko kilipasuka kabla Zacharie hajakunja karatasi. Katungu alicheka hadi akashika mbavu. Alisema sasa panya naye atadai misa ya siku arobaini. Mwingine akauliza kama paka alikuwa amebatizwa, na padri gani alimshika mkia.

Ézéchias hakucheka. Alingoja watulie, akawaeleza kwamba yule mama alifika kwake na paka mgongoni, amefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga, na kwamba alikuwa ametembea naye hivyo siku mbili. Shambani kwake hakuna kingine kilichotoka kikiwa hai. Zamani alikuwa amezaa mabinti, na nafasi iliyofuata ilikuwa ya Kavugho, lakini mtoto hakuja. Jina likabaki bila mtu. Ndipo akampa paka.

Watu wakanyamaza, wengine kwa huruma, wengine kwa kuwa mzaha ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Shuka safi, nilikuwa nimesema. Tumbo, halikuchukua siku nyingi. Na yeye alikuwa amesimama kwenye mvua akinishukuru, na mimi nilikuwa nimepokea shukrani hiyo bila kusimama.

Neno moja lingetosha. "Ni mimi." Watu ishirini na mmoja walikuwepo, wote wananijua, na kosa lenyewe lilikuwa la kusameheka, wangecheka mara ya pili, halafu mtu angempigia simu yule mama kabla chai haijapoa. Zacharie akaanzisha wimbo wa kufunga. Niliimba beti zote.

Naandika haya kwa sababu ya beti zile. Kilichotokea langoni kilikuwa kosa, na kosa lina upofu wa kulitetea. Kuanzia wimbo ule sikuwa kipofu tena.

Nilijitengenezea visingizio. Ézéchias hakutaja rangi ya paka, na mimi sikumuuliza. Paka weupe wenye mabaka ni wengi Butembo. Niliogopa pia mdomo wa mtaa. Ningewezaje kusimama mbele ya watu na kusema jina la marehemu wangu na jina la paka katika sentensi moja? Wangelibeba hadi sokoni, na mke wangu, aliyeishi miaka yote bila kumpa mtu sababu ya kumcheka, angeanza kuchekwa akiwa kaburini. Hicho kilikuwa kisingizio kizuri kuliko vyote, kwa kuwa kilivaa nguo ya heshima. Wakati huohuo nilianza kumfungia paka chumbani kila nilipoona mtu anakuja. Heshima haifungi mlango kwa komeo.

*

Wiki ya Pasaka, alasiri, nililetewa magunia mawili mapya kutoka Kirumba. Nilifungua moja, nikachota maharagwe kwa kiganja, nikaona yana mawe. Nilikuwa nikifikiria mawe tu. Bila kugeuza kichwa niliita, kama nilivyoita kwa miaka thelathini na moja:

"Kavugho, leta ungo."

Nyumba ilikuwa tupu, nami niliisikia sauti yangu ikirudi kutoka ukutani. Halafu nikasikia kishindo kidogo. Paka alishuka kutoka juu ya magunia, akakatiza sakafu bila haraka, akaketi mbele ya magoti yangu. Aliinua uso akanitazama, akingoja kujua alichoitiwa.

Nilimwita jina lingine la kubahatisha, akageuka kujilamba. Niliita tena Kavugho, polepole, na akainuka, akaja kusugua sikio lake jeusi kwenye mguu wangu.

Ningeweza kumpigia Ézéchias simu. Lakini simu ni mahali pepesi pa kusemea uongo, na nilijijua. Kesho yake asubuhi nilimtia paka ndani ya kikapu chenye kifuniko, nikakifunga kwa kamba, nikaenda kwa Ézéchias kuuliza yule mama anakaa mtaa gani Beni. Nilisema nina mzigo wake. Kisha nikapanda pikipiki ya Paulin, ambaye hunisafirishia maharagwe.

Hatukuwa tumetoka mjini paka alipoanza kulia.

"Papa Luc," alisema Paulin, "kuku yako inalia mu luga gani?"

Nilimwambia aendeshe. Njia nzima nilikuwa nikishona uongo wangu. Ningesema tulimzika paka mwingine kwa kumfananisha. Ningesema wa kweli alitokea juzi, amekonda, nikamtambua, nikaja mbio. Ulikuwa uongo mzuri. Ungemfurahisha mama, ungenifanya mimi kuwa mwema mara ya pili, na hakuna ambaye angeumia.

Kwenye kizuizi askari aliyejitambulisha kwa jina la Kalala aliagiza kikapu kifunguliwe. Aliona masikio, akacheka, akaniuliza paka anaitwa nani. Nilikawia. Alirudia swali, sasa bila kucheka, kwa kuwa mtu anayekawia kwenye kizuizi ana jambo.

"Kavugho," nilisema.

"Mais, lakini huku kwenu bote ni Kavugho," alisema. "Miye nikiita bibi mumoja, banakuja batano." Akainama juu ya kikapu, akamtakia paka safari njema kwa Kifaransa, kwa adabu zote, akimwita Madame. Paulin alicheka hadi pikipiki ikazimika. Nami nilitazama pembeni, mashamba yaliyoanza kuota tena magugu.

*

Nyumba ilikuwa ya mbao, yenye vyumba viwili, nyuma ya kanisa dogo. Paulin aliniacha mlangoni akaenda kutafuta mafuta. Mama Vagheni alikuwa uani akianika majani ya muhogo yaliyooshwa, ya kupika sombe. Alinitambua kabla sijasalimu.

Aliingia nami ndani akiita watu. Alimleta Kahongya, mtoto wa dada yake, mwanamume mrefu mwenye mikono ya seremala, pamoja na mkewe na majirani wawili. Aliniweka mbele yao kama anayeonyesha picha ya mtakatifu. Ndiye huyu, aliwaambia, ndiye baba wa Butembo aliyemzika Kavugho ndani ya shuka. Kahongya alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema kwamba mama yake mkubwa alipofika alikuwa hali chakula, na kwamba kilichomrudisha kwenye sahani ni kusimulia habari ya shuka ile. Nililetewa kiti, kiti pekee chenye mgongo. Nililetewa maji ya kunawa, ugali, sombe, na kipande cha samaki ambacho nilijua kilikuwa cha mtu mwingine. Kikapu nilikiweka miguuni. Walidhani ni maharagwe, na kwa adabu hawakukitazama.

Paka alikuwa amenyamaza. Niliuangalia ugali. Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni, umeiva, na chakula cha watu wale kilikuwa kikingoja kupita palepale.

"Mukaka," nilisema, kama tunavyomwita bibi mzee, "Kavugho niliyemuzika ni bibi yangu. Mama ya batoto yangu."

Hakuelewa mara moja. Niliona jambo likimfikia kidogokidogo, kwanza shuka, kisha tumbo. Akaweka kiganja mdomoni.

"Na miye nikakushukuru," alisema. "Nikakuambia bengine bangemutupa."

Alikuwa ameona haya, yeye, kwa ajili yangu. Alianza kuniomba msamaha kwa kuja kumlilia paka kwenye nyumba ya kilio, na sijui ningemzuiaje kama paka asingelia ndani ya kikapu. Alilia mara moja tu, kwa sauti ya kuchoka. Mama Vagheni alikitazama kikapu, akanitazama, na sikuona furaha niliyokuwa nimeitarajia njia nzima. Niliona akihesabu siku.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Jana. Neno lilikuwa dogo, na kila mtu chumbani alikuwa tayari kuliamini.

"Tangu Kwaresima," nilisema. "Siku ile walisoma matangazo kwa Ézéchias. Nilikuwapo."

"Na yeye alikuwa kwako."

"Alikuwa kwangu."

Kahongya alirudisha chini sahani aliyokuwa akinisogezea. Mmoja wa majirani alijikohoza. Mama Vagheni alikaa na mikono juu ya mapaja, na aliposema hakupaza sauti.

"Nilikuombea kila siku," alisema. "Asubuhi na mangaribi."

Nilikisogeza kikapu mbele yake. Aliinama, akafungua kamba, akainua kifuniko. Paka aliruka nje, akapita katikati ya miguu ya watu, akaingia chumba cha ndani chini ya kitanda. Mama akapiga magoti kwenye udongo na kumwita. Alimwita kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, akagonga sakafu kwa kucha, akaomba kichwa cha samaki, akakisogeza. Kutoka kitini niliyaona macho mawili gizani. Hayakuwa yakimtazama yeye. Yalikuwa yakivitazama viatu vyangu.

"Muite weye, papa," alisema Kahongya bila kuniangalia. "Amezoea sauti yako."

Mama Vagheni aligeuza kichwa, bado akiwa magotini. Sijapata kuona uso uliotaka jambo na kuliogopa kwa pamoja namna ile. Nilijua kwamba nikiita atakuja. Angekatiza sakafu bila haraka, ampite mama aliyembeba siku mbili mgongoni, aje aketi mbele ya magoti yangu.

Niliinuka. Nilimwambia Kahongya kwamba paka akiwa hanioni atatoka. Hakuna aliyenisindikiza, nami sikutazamia kusindikizwa. Nilitoka nje, nikapita kando ya majani yaliyoanikwa, nikashika njia ya kwenda barabara kubwa.

Nyuma yangu mama alianza tena kuita. Ukuta wa mbao hauzuii sauti. "Kavugho," aliita, "Kavugho we," na kila mara shingo yangu ilitaka kugeuka, kwa kuwa kwa miaka thelathini na moja jina hilo likiitwa niligeuka nione kama anahitaji kitu. Nilitembea polepole, nikisikiliza. Kwenye kona ya kanisa aliita mara moja zaidi. Kisha sikusikia tena, na sikujua kama alinyamaza kwa kuwa amempata, au kwa kuwa nilikuwa nimeshafika mbali.